Ngitili na Somo la Shinyanga

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu za serikali katika Mkoa wa Shinyanga zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Mkoa huo, kabla ya kumegwa mwaka 2012 na sehemu zake kwenda Simiyu na Geita, ulikuwa na zaidi ya kilometa za mraba 50,000, kwa hiyo hekta 600 ndani yake ni sawa na hakuna. Kufikia mwaka 2003 hesabu ilikuwa imepanda hadi zaidi ya hekta 350,000, zikiwa zimegawanyika katika ngitili zaidi ya 18,000 ndani ya vijiji 833. Miaka hiyohiyo sehemu kubwa ya Tanzania ilikuwa inapoteza misitu yake. Swali linalotokana na takwimu hizo ni zito: nini kilibadilika, na kwa nini hakikubadilika mapema, ilhali serikali ya Kiingereza na kisha serikali ya uhuru zilikuwa zimejaribu kwa zaidi ya miaka 60 kuwafundisha Wasukuma namna ya kuishi na ardhi yao? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba elimu ya mazingira haishiki kwa mtu asiye na kauli juu ya ardhi anayofundishwa kuitunza. Watu wa Shinyanga hawakukosa maarifa. Walikosa mamlaka juu ya miti na malisho yao, na waliporudishiwa mamlaka hayo ndipo maarifa, ya zamani na mapya, yalipopata mahali pa kufanyia kazi.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na kuachwa nyasi zikue na kukauka zikiwa zimesimama, mpaka kiangazi kikolee, Julai hadi Septemba kutegemea mwaka ulivyo. Kufikia wakati huo mbuga nzima huko nje imeshaliwa na kubaki vumbi. Hapo kinafunguliwa sehemu kwa sehemu: ng'ombe wanamaliza upande mmoja kwanza ndipo wahamishiwe mwingine. Si kundi zima linaloingia. Wanaotangulizwa ni maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi, ng'ombe wenye kunyonyesha, ndama, na waliodhoofika. Mara nyingi hakuna waya wala ukuta. Mpaka unaweza kuwa njia ya ng'ombe, safu ya minyaa, kichuguu au kijito kikavu, na unajulikana kwa sababu majirani walisimama pale wakakubaliana. Anayeujua kuliko wote ni mtoto wa kuchunga, maana ndiye anayelazimika kumgeuza fahali aliyekwisha kunusa nyasi za ng'ambo. Chini ya nyasi hizo kuna visiki. Mgunga uliokatwa karibu na ardhi haujafa. Mizizi iko hai, na mvua ikinyesha unatoa machipukizi kuzunguka jeraha la shoka. Mifugo ikipita kila siku, machipukizi hayo yanaliwa kabla hayajafika gotini. Ikizuiwa kwa misimu michache, moja au mawili yanayatangulia mengine na kupita kimo cha mbuzi, na baada ya miaka kadhaa pana mti. Kwa hiyo malisho yaliyofungwa kwa ajili ya ng'ombe hugeuka kuwa msitu bila mtu kupanda mche hata mmoja.

Ili kuelewa namna utaratibu huo ulivyokaribia kutoweka, inabidi kurudi nyuma mpaka miaka ya 1890, sotoka ilipoikumba Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe. Njaa na ndui vilifuata. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alionyesha kwamba kabla ya maafa hayo watu wa bara la Tanganyika walikuwa na udhibiti halisi wa mazingira yao: kwa kulima, kuchunga, kuchoma na kukaa kwa mpangilio walikuwa wamewasukuma mbung'o mbali na makazi. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyechapisha kazi yake kubwa mwaka 1971, alifikia hitimisho lililo karibu na hilo kwa njia ya biolojia. Ng'ombe walipokufa na watu kupungua, vichaka vilirudi, wanyamapori wakarudi, na mbung'o wakarudi nao. Mwaka 1922 malale yalilipuka Maswa. Serikali ya Kiingereza, iliyokuwa ndiyo kwanza imeshika nchi, iliona vichaka na wadudu na ikadhani inatazama Afrika ya tangu asili. Haikuona kwamba inatazama shamba lililoachwa na wenyewe. Kosa hilo la kusoma historia ndilo lililozaa sera za miaka 30 iliyofuata.

Charles Swynnerton, aliyekuwa ofisa wa kwanza wa wanyamapori Tanganyika, aliweka makao ya utafiti wa mbung'o Shinyanga, na kazi iliyofanyika hapo ilijulikana duniani. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa shoka. Kupitia watemi, maelfu ya wanaume waliitwa kila mwaka baada ya mavuno kwenda kufyeka. Lazima tuwe waadilifu hapa: ufyekaji ulifanikiwa katika lengo lake. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, na familia zikahamia kwenye ardhi ambayo kabla haikukalika. Wapo watemi walioutaka wenyewe. Lakini tazama funzo lililobaki vichwani. Kizazi kizima kilifundishwa na serikali kwamba mti ni adui, kwamba kichaka ni ugonjwa, na kwamba raia mwema ni yule anayeacha upeo mweupe nyuma yake. Kisha ikaja pamba, iliyotaka mashamba mapana na kuleta fedha za kununulia ng'ombe zaidi. Watu walipoitikia vizuri mafunzo hayo mawili, serikali ileile ikageuka na kuwalaumu kwa kuharibu ardhi.

Lawama hiyo iligeuka mpango mwaka 1947, ulipoanzishwa Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, wenye makao Malya. Humo mlikuwa na mambo ya maana: mabwawa, utafiti wa udongo, kuhamisha watu kutoka maeneo yaliyojaa. Mlikuwa pia na amri. Mkulima alilazimishwa kulima matuta ya namna fulani, kupanda kiasi fulani cha mihogo, kuuza sehemu ya ng'ombe wake kila mwaka, na asipofanya hivyo alipelekwa kwenye baraza la mtemi kutozwa faini. Watu waliyakataa matuta pamoja na amri, ingawa matuta yenyewe yalikuwa na faida kwenye udongo wenye mteremko. Chuki dhidi ya sheria hizo iliwapa nguvu TANU na vyama vya ushirika vya pamba vilivyoongozwa na Paul Bomani, na serikali ilipoizuia TANU isifungue matawi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958 ilizidisha moto. Kufikia mwisho wa muongo huo amri nyingi zilikuwa zimeachwa, na hifadhi ya udongo ikabaki na sifa mbaya ya kuwa kazi ya mkoloni. Ninaliweka jambo hili mbele kwa sababu mara nyingi kushindwa kwa mpango ule kunaelezwa kama ukaidi wa wakulima, wakati wakulima haohao walikuwa wakifunga ngitili zao kila masika bila kuamriwa na mtu.

Uhuru ulikuja na nia tofauti, lakini katika suala hili ulirithi mwelekeo uleule. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Sababu zake zilikuwa za haki, na sioni haja ya kuulilia; hata hivyo pamoja na watemi vilipungua nguvu vyombo vilivyokuwa vikisuluhisha ugomvi wa malisho. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha familia kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika kwenda kwenye vijiji vya pamoja. Ngitili nyingi za kaya zilikuwa karibu na nyumba, na mtu akihamishwa kilometa kadhaa hawezi kulinda alichokiacha. Nyingine zilihesabiwa kuwa ardhi ya wote, maana yake zikawa hazina mwenyewe. Kuni zilikatwa palipo karibu na kijiji kipya mpaka pakaisha, kisha mbele kidogo. Wakati huohuo serikali ilikuwa inaamini elimu kwa moyo wote. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba. Kampeni za elimu ya watu wazima kupitia redio, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, zilifikia mamilioni ya watu, na mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali. Mwaka huohuo zilianzishwa klabu za Malihai za kuwafundisha wanafunzi thamani ya wanyamapori. Hakuna mtu wa Shinyanga aliyekuwa na redio ambaye hakuambiwa kwamba msitu una thamani. Na bado, wakati Misitu ni Mali inasikika hewani, ngitili zilikuwa zinakaribia kwisha. Msikilizaji alielewa vizuri alichoambiwa. Ila mali aliyotajiwa haikuwa yake, na kama angeulinda mti leo, kesho ungeweza kukatwa na mwingine bila yeye kuwa na mahali pa kushtaki.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga akashtushwa na hali aliyoikuta, na kutokana na msukumo huo mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, chini ya idara ya misitu, ukasaidiwa baadaye na shirika la misaada la Norwei, NORAD, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, chenye makao Nairobi. Mwanzo wake haukuwa tofauti na waliotangulia. Vilianzishwa vitalu, miche ikagawiwa, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na watu wakahimizwa kupanda. Mingi ilikufa. Katika nchi yenye mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, inayoweza kukoma katikati ya Februari isirudi mpaka mwezi mwingine, mche unahitaji kumwagiliwa, na maji hayo yangebebwa kichwani na mwanamke aliyekwisha kutembea kutwa kutafuta ya kunywa. Kilichoitofautisha HASHI ni kwamba iliyaona hayo, ikawauliza wakulima. Walipoulizwa ni miti gani wanayoitaka na wangeirudishaje, wazee walitaja migunga, mikwaju, mininga na mingine ya kwao, na wakataja ngitili. Walieleza kwamba mizizi ipo ardhini. Kinachotakiwa ni kuipumzisha. Wataalamu wa misitu walikuwa wamesomea kupanda, na sasa ilibidi wajifunze kuacha. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha historia nzima: darasa lilikuwa nje, juani, mbele ya kisiki kinachochipua, na kwa mara ya kwanza katika miaka 60 mwalimu na mwanafunzi walibadilishana nafasi.

Mabadilishano hayo yasingedumu kama yangebaki kwenye heshima tu. Palihitajika nguvu ya kumzuia mtu, na nguvu hiyo ilipatikana kwa kuunganisha vyombo viwili. Kwa upande wa mila kulikuwa na dagashida, mkutano wa jamii unaokaa chini ya mti kujadili na kutoa hukumu, na sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Kahama na Shinyanga kupambana na wezi wa ng'ombe. Kwa upande wa serikali, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kijiji kilipokubaliana mahali pa ngitili, tarehe ya kuifunga na faini ya mkosaji, uamuzi wa dagashida uliandikwa kuwa sheria ndogo ya kijiji, na sungusungu wakalinda. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alishitakiwa mbele ya watu wanaomjua, waliomwona akikubali mpaka kwa mdomo wake. Na mafunzo yalifuata njia hiyohiyo. HASHI ilitumia video, maigizo na mikutano, lakini kilichokuwa na uzito ni ziara za wakulima wa kijiji kimoja kwenda kuona ngitili ya kijiji kingine. Mgeni aliweza kuinama, kuchimbua mizizi, kuhesabu misimu pamoja na mwenyeji wake, na kumuuliza swali ambalo ofisa asingeweza kulijibu: jirani yako alikubalije?

Matokeo yalipimwa. Mwaka 2004 Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, walikamilisha utafiti katika wilaya za mkoa huo na kukadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, dawa, asali, matunda na uyoga, yalimpatia mtu mmoja thamani ya dola 14 za Kimarekani kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini Tanzania wakati huo ulikuwa dola 8.50. Mwanamke aliyekuwa akitafuta kuni aliokoa kati ya saa 2 na saa 6 kwa siku. Katika ngitili zilizorejeshwa zilihesabiwa aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Wigelekelo, wilayani Maswa, ngitili ya kijiji ililinda bwawa, na bwawa likawapa watu maji, samaki na bustani za mboga. Utafiti haukuficha hasara: wanyama na ndege waliorudi pamoja na miti waliharibu mazao na kukamata mifugo, na gharama hiyo ilikadiriwa kuwa dola 63 kwa kaya kwa mwaka. Watu waliipima hasara hiyo dhidi ya faida wakaamua kuendelea. Uamuzi huo una maana kuliko jibu lolote la dodoso kuhusu kupenda mazingira, kwa sababu aliyeufanya ndiye aliyelipa. Mwaka 2002 HASHI ilikuwa imeshapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, lakini tuzo huja baada ya kazi na haisemi chochote juu ya sababu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la fedha. Inasemwa kwamba bila Norwei pasingekuwa na Shinyanga mpya, na kwamba habari za mila ni pambo tu. Fedha zilisaidia kweli: zililipa mafuta ya magari, mishahara, utafiti na ziara. Lakini Mpango wa Usukuma wa 1947 nao ulikuwa na fedha nyingi kwa viwango vya wakati wake, na ulikuwa na wataalamu, na uliacha chuki. Miradi ya kupanda miti iliyofadhiliwa na wahisani ilijaa Tanzania nzima miaka ya 1980, na mingi imebaki majina kwenye makabati. Kilichotofautiana Shinyanga ni nani aliyeamua mahali pa kufunga na nani aliyekula matunda. Kati ya ngitili zile zaidi ya 18,000, za jamii nzima hazikufika hata 300. Zilizobaki zilikuwa za kaya. Maelfu ya kaya hayakulipwa na mfadhili kuacha sehemu ya shamba lao. Yalifanya hivyo kwa sababu sasa yalikuwa na hakika ya kuvuna.

Pingamizi la pili ni la watu wa mila wenyewe, na linakuja kama sifa: kwamba Wasukuma tangu kale ni wahifadhi, na ilitosha kuwaacha. Siwezi kulikubali. Wapo watafiti wanaoona kwamba ngitili, kwa sura tunayoijua, ilikomaa miaka ya 1920 kwa sababu malisho yalikuwa yanapungua; ni ubunifu wa watu waliobanwa, waliochukua desturi ya kuchunga kwa zamu na kuiwekea mipaka. Wasukuma haohao walifyeka misitu kwa ajili ya pamba na hawakusikitika. Ngitili haikuanzishwa kwa mapenzi ya miti, ilianzishwa kwa mapenzi ya ng'ombe, na wala hilo haliipunguzii heshima. Linaonyesha kwamba uhusiano wa watu na ardhi unajengwa juu ya mahitaji yanayoonekana, na kwamba desturi hubadilika kila kizazi kinapokutana na shida mpya. HASHI haikufukua kitu cha kale. Iliwapa watu nafasi ya kuendeleza kazi waliyokuwa wameikatisha kwa kulazimishwa.

La tatu ndilo linalonipa shida zaidi, nalo ni la usawa. Mwenye ng'ombe 200 anafaidika na ngitili kuliko asiye na hata mbuzi. Tajiri anaweza kufunga ardhi kubwa, akakodisha malisho wakati wa kiangazi, huku maskini akizuiwa kukata kuni mahali alipokuwa akikata bure. Kwa desturi ya Kisukuma ardhi huenda kwa wanaume, kwa hiyo mwanamke anayebeba kuni si yule anayeketi kwenye dagashida kupanga msimu wa kuzikata. Haya ni kweli, na utetezi wa ngitili usioyataja si wa haki. Ninachoweza kusema ni kwamba ngitili za jamii, ambazo ni chache, zilikuwa na umuhimu mkubwa kwa wasio na mifugo: humo ndimo walimopata nyasi za kuezekea na kuni, na mapato yake yalikwenda kwenye madarasa na zahanati. Anayetaka kupunguza ukosefu wa usawa na azilinde hizo kwanza, na awape wanawake viti kwenye kamati zinazopanga siku za kukata. Kuzifuta ngitili kungewarudisha maskini kwenye vumbi walilokuwa wanalikanyaga mwaka 1984.

Kuna pia pingamizi linalosikika sana kwenye siasa za Tanzania. Kama Wasukuma wanajua kutunza malisho hivi, mbona wafugaji wa Kisukuma wanatajwa kila penye mgogoro, kuanzia Ihefu katika bonde la Usangu, walikohamishwa mwaka 2006 na 2007, mpaka Kilombero na Lindi? Hawa ni watu wa ukoo mmoja na wale wa Maswa na Meatu, pengine ndugu wa tumbo moja. Kwangu huu ni ushahidi unaoitia nguvu hoja kuliko mwingine wowote. Mfugaji aliyefika Usangu na ng'ombe 300 hakuyaacha maarifa yake njiani. Bado anajua nyasi ipi inakauka na utamu wake. Lakini kule hana mpaka uliokubaliwa, hana dagashida, hana jirani anayemjua baba yake, na hana hakika ya kuwapo msimu ujao. Akifunga kipande, mwingine atakilisha usiku. Akili inamwambia alishe leo, na anafanya hivyo. Maarifa yaleyale, mikononi mwa watu walewale, yanazaa msitu pale yanapokuwa na mamlaka na kuzaa vumbi pale yasipokuwa nayo. Semina za ufugaji bora, zinazofanyika kila mwaka katika mabonde hayo, hazitabadilisha chochote mpaka swali la nani anakaa wapi kwa haki gani lijibiwe.

Hapo ndipo historia ya Shinyanga inapoigusa elimu ya mazingira kwa upana wake. Tangu Wildlife Clubs of Kenya mwaka 1968, na Roots & Shoots iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991 ikiwa na wanafunzi 12 pamoja na Jane Goodall, Afrika Mashariki imejenga utamaduni wa heshima wa kuwatoa watoto darasani na kuwapeleka nje. Mtoto wa Mwanza aliyeona Serengeti kwa macho yake amepata kitu ambacho kitabu hakiwezi kumpa. Ila akirudi nyumbani, pori alilolipenda liko mbali na linasimamiwa na wengine. Na pori lililo nyuma ya shule halina mtu wa kumwonyesha kwamba nalo ni pori. Shinyanga shule ziliweza kuwa na ngitili zao zenyewe. Mtoto anayesaidia kuweka mpaka wake, kuhesabu aina za miti inayochipua, na kusikia kamati ikibishana kama iuze nguzo mwaka huu au ingoje, anasoma biolojia, hesabu na uraia kwa pamoja. Anajifunza pia kwamba uamuzi mbaya una gharama, jambo ambalo safari ya basi haiwezi kumfundisha. Sharti lake ni moja: fedha za nguzo zibaki shuleni na uamuzi ubaki kwa kamati. Zikichukuliwa na ngazi ya juu, mtoto atajifunza somo jingine kabisa, lilelile walilojifunza babu zake kwenye matuta ya 1947.

HASHI ilifikia mwisho wake mwaka 2004 na kazi zake kurithiwa na kituo cha NAFRAC palepale Shinyanga. Tangu hapo watu wameongezeka, mkaa umepanda bei, mashine za kulimia zimefika, na ngitili zilizokuwa imara zimeanza kumegwa na warithi au kuuzwa kwa walimaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinatoa njia ya kuisajili ngitili ya pamoja kama msitu wa hifadhi wa kijiji, lakini vijiji vingi vimesita. Wazee wanakumbuka kwamba kila mara serikali ilipoandika jina la msitu, watu waliokuwa wakiutumia walijikuta nje yake. Hofu hiyo imetokana na miaka 60 ya ushahidi, na haiwezi kuondolewa kwa kuambiwa wasiwe na hofu. Itaondolewa pale vijiji vya mwanzo vitakaposajili vikabaki na funguo za misitu yao, vikavuna, vikauza na kutoza faini bila kuomba kibali wilayani. Kwa ngitili za kaya kinachotakiwa ni mpimaji, mkutano mkuu wa kijiji wenye akidi, majirani kusimama mpakani kama walivyosimama zamani, na hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina la mke pamoja na la mume. Sheria ya 1999 imeshafungua mlango kwa hayo yote.